Muhuri wa Kikombe cha Chai

Silvanus Mwakio hakuzaliwa karani, ingawa wapo watu pale Voi watakaokuapia kwamba alitoka tumboni mwa mamake na kalamu sikioni. Alizaliwa Bura kule milimani, mtoto wa mkulima wa kabichi na viazi. Akachunga mbuzi, akasoma kwa mapadri mpaka darasa la sita, kisha akateremka Voi kutafuta kazi, viatu mkononi ili soli zisiishe bure njiani. Kazi akaipata katika ofisi moja ya serikali ambayo siitaji jina, maana wenyewe wapo na mimi sitaki maneno. Akaifanya miaka kumi na minane. Ukimwuliza kazi yake ni ipi, atakuambia ni kuandika. Uongo mtupu! Kazi yake ilikuwa kungojesha watu.

Nje ya ofisi ile, barazani, palikuwa na benchi la mbao la watu wanane, kumi na wawili wakibanana. Aliyetaka kusafiri kwenda Mombasa au Nairobi, au hata hapo Taveta tu, sharti akae pale mpaka apate barua ya Silvanus. Barua yenyewe ilikuwa ya mistari miwili: fulani wa mahali fulani anakwenda mahali fulani, asisumbuliwe njiani. Halafu muhuri. Muhuri ulikaa ndani ya droo, droo ilikuwa na ufunguo, ufunguo ulikuwa na kamba, na kamba ilining'inia shingoni mwa Silvanus pamoja na medali ya Bikira Maria. Usiniulize sheria gani ilisema barua ni lazima. Swali zuri hilo, na tutalifikia.

Asubuhi alifika saa mbili, akafuta meza, akachonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa, akaletewa chai. Kwenye saa nne alitoa kichwa dirishani, akalitazama benchi, akasema, "Njoo kesho." Ipo njoo kesho ya mtu aliyekuja na kuku, na ipo ya mtu aliyekuja mikono mitupu. Ya kwanza ilikuwa kesho kweli. Ya pili ilikuwa ya kuzeekea.

Mama Mumbe alikuwa wa hii ya pili. Huyu ni Mkamba wa Miasenyi, aliyewauzia uji na ndizi madereva wa malori kando ya barabara kuu. Binti yake alikuwa ameolewa Mombasa, kwa kijana wa bandarini, na alikuwa na mimba ya kwanza. Mumbe alitaka kwenda akae naye ajifungue. Malori ya Mombasa yalisimama mbele ya jiko lake kutwa kucha, madereva wanamwambia, "Mama, panda twende," naye anawajibu, "Barua bado." Kila Jumatatu alikuja Voi kukalia benchi, na kila Jumatatu alirudi Miasenyi na njoo kesho yake.

Sasa basi, mwaka wa hamsini na saba, ikaja barua kutoka Nairobi. Karani mmoja Mwafrika wa Voi alitakiwa aende London kwa kozi ya miezi mitatu. Silvanus ndiye aliyechaguliwa. Karani wa akiba alikuwa Donald, kijana wa meza ya pili, ambaye baada ya kusoma barua ile alikwenda kujishonea suti, eti iwepo tu. Na barua ilikuwa na meno: mwanafunzi afike bwenini katikati ya jiji, siku ya Jumamosi, kabla ya saa kumi na mbili jioni. Atakayekosekana orodha ikifungwa atarudishwa kwa ndege ya kwanza, na nafasi yake apewe wa akiba.

Siku ya mwisho ofisini Silvanus alipita barazani kifua mbele, kofia mpya kichwani. Mumbe akainuka benchini.

"Bwana karani, na yangu je?"

"Mama, si unaona nasafiri? Nikirudi."

"Utarudi lini?"

"Baada ya miezi mitatu."

"Mtoto hatangoja miezi mitatu, mwanangu."

"Basi mwone anayekaimu," Silvanus akasema, akamwonyesha Donald kwa kidole. Donald akatoa kichwa dirishani, akasema, "Njoo kesho." Alikuwa amejifunza kwa mwalimu mzuri.

Watu wa Bura waliteremka kumsindikiza mpaka stesheni, na nyimbo za kanisani, na kigoma kimoja ambacho padri alijitia hamnazo asikione. Priscilla, mkewe, alimpa kimanga cha mihogo na maharage, kimesongwa kikasongeka, kimefungwa kwa jani la mgomba, cha kutosha kaya nzima. Gari moshi lilipopiga king'ora, akamvuta shati dirishani.

"Baba Wakesho, nisikilize vizuri. Ukirudishwa kabla ya wakati wako, usishukie hapa. Shukia Tsavo, uje kwa miguu. Afadhali simba wakuone kuliko watu wa Bura."

Hakuwa akitania.

Safari ya ndege nitaipitia haraka, kwa sababu Silvanus mwenyewe aliipitia macho yamefumba. Walitua Entebbe, wakatua Khartoum, wakatua mahali pengine na pengine tena, na kila walipotua yeye alitapika, na kila waliporuka alisali. Jumamosi, saa tano asubuhi, akaambiwa hapa ndipo London. Akachungulia. Alitazamia majumba ya mawe na mabwana wenye kofia ndefu. Akaona vibanda vya mbao vimejipanga kando ya barabara, na manyunyu. Ebo! Kambi ya makandarasi wa reli pale Voi ilikuwa na heshima zaidi.

Ndani walipanga foleni mbele ya kijana mmoja wa Kizungu mwenye chunusi, asiyepata hata miaka ishirini na mitano. Silvanus alikuwa amejiandaa. Akapanga mezani pasipoti, cheti cha chanjo, barua ya kozi, cheti cha ubatizo, barua ya tabia njema kutoka kwa padri, na leseni ya baiskeli. Kijana akachukua pasipoti, akaipiga muhuri mmoja, akavisukuma vingine vyote kwake.

"Haya bwana, pita."

"Nipite niende wapi?"

"Popote unapokwenda."

Silvanus akakusanya karatasi zake polepole. Miaka kumi na minane serikalini hakuwahi kumsikia ofisa akimwambia mtu popote. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitamka neno hilo kwa mtu yeyote, hata kwa mkewe. Popote! Akajua papo hapo kwamba huyu ni karani mdogo tu, wa mlango wa nje, na kwamba wakubwa wenye neno la mwisho wako ndani. Ndivyo serikali ilivyo. Kama mlango wa kwanza ni rahisi hivi, basi wa pili una kazi.

Akatokea ukumbini. Hapo Mzungu wa makamo akalishika sanduku lake. Silvanus akalishikilia. Wakavutana. "Nikubebee, bwana," Mzungu anasema. "Hapana, bwana, hapana," Silvanus anasema, huku akitazama pande zote asije akaonekana na mtu wa Kenya. Mzungu abebe mzigo wake! Habari hiyo ikifika Voi, si watamwandikia ripoti? Alipolinusuru sanduku lake jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile.

Na hapo ndipo alipoona benchi.

Roho ikatulia. Benchi refu la mbao, ukutani, na mbele yake mlango wa kijani uliofungwa. Silvanus alilijua jambo hili kuliko mtu yeyote duniani. Penye benchi pana anayengojesha, na mlango ulio mbele ya benchi ndio wenyewe. Barua ya kozi ilisema wazi, ukifika uwanjani panda basi uje mjini, lakini karani hasomi barua kama watu wengine. Karani hujua kwamba baina ya ukifika na panda basi kuna mtu, na mtu huyo ana muhuri. Akakaa, akalilaza sanduku miguuni, akaweka kofia magotini. Akangoja aitwe.

Mara mzee mmoja wa Kizungu akaja, mwenye koti la kahawia na masharubu meupe. Akafika kwenye mlango ule wa kijani, akatia mkono ndani ya shati, akatoa ufunguo. Na ufunguo ule, jamani, ulikuwa na kamba, na kamba ilikuwa shingoni!

Silvanus akasimama wima, kofia kifuani. Mzee akamwitikia kwa kichwa, akaingia, akafunga mlango. Baada ya muda akatoka na ufagio mkononi. Silvanus hakudanganyika. Alikwisha sikia kwamba Wazungu wa kwao ni watu wa ajabu, mkubwa anaweza kukata nyasi zake mwenyewe. Ufagio si kitu. Ufunguo ndio kitu. Bwana mkubwa huyu anazunguka kuwapima watu tabia kabla ya kuwapa ruhusa, na ujanja huo Silvanus aliusifu moyoni, akasikitika kwamba hakuufikiria yeye.

Basi kila mzee alipopita akifagia, Silvanus alisimama. Mzee akadhani mgeni huyu ana adabu za kumpisha afagie chini ya benchi, akafagia. Wakaenda hivyo mara tisa. Benchi lile halikuwahi kuwa safi namna ile.

Mlangoni, kila nusu saa, kondakta aliingia akipaza sauti, "Mjini! Basi la mjini!" Wasafiri wakainuka, wakatoka, wakapanda. Wahindi wakaenda. Masista wawili wakaenda. Mama mwenye watoto wanne na kasuku akaenda. Silvanus aliwatazama kwa huruma. "Watarudishwa njiani hawa," akajisemea, "wote, na kasuku wao."

Saa saba ikapita. Saa nane. Alipoona njaa inamtafuna akafungua jani la mgomba kidogo kidogo, akamega kimanga chini ya kofia. Saa tisa ilipopiga, akaanza kupiga hesabu. Basi la mjini, aliambiwa, huchukua saa nzima na zaidi kufika mjini. Orodha inafungwa saa kumi na mbili. Akaiona suti ya Donald. Aliiona wazi, ya kijivu, yenye vifungo vitatu, inapanda ngazi za ndege. Akajiona yeye anashuka Tsavo na sanduku kichwani.

Akaanza kufanya yale ambayo watu walimfanyia yeye. Alikohoa. Alikohoa tena, kwa heshima. Alisimama mahali ambapo mzee hangeweza kupita bila kumwona, akainamisha kichwa upande mmoja, kama walivyoinamisha wao. Hakuna. Ndipo Silvanus akakumbuka kuku. Lo! Miaka yote amepokea kuku, leo hakubeba hata yai! Akatazama sandukuni. Akatazama kimanga.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo kando ya mlango wake wa kijani, anakunywa chai. Silvanus akamwendea na lile jani kwa mikono miwili.

"Bwana mkubwa, ni kitu kidogo tu, kutoka kwetu."

Mzee akanusa, akaonja kwa ncha ya kidole, akaonja tena, akakimega sawasawa. "Kitamu," akasema. "Kimejaza mdomo. Asante sana, bwana."

"Sasa, bwana mkubwa, kama ingewezekana, naomba shida yangu iangaliwe."

"Shida gani?"

"Ya kwenda mjini."

"Basi lile pale nje."

"Nimeliona, bwana. Ruhusa ndiyo sina."

"Ruhusa ya nani?"

"Ya yule mwenyewe. Anayetoa ruhusa."

Mzee akafikiri huku akitafuna. "Mtu wa namna hiyo hayupo hapa."

Silvanus akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejua mambo ya ofisi. "Yuko likizo?"

"Hayupo kabisa. Hajawahi kuwepo."

"Sawa, bwana. Sasa nani anakaimu?"

Mzee akakiweka kikombe chini. Alikuwa amefagia ukumbi ule tangu vita viishe, akaona walevi, walioachwa na wake zao, na mtu mmoja aliyekuja na nyoka mfukoni, lakini huyu wa leo alikuwa mpya. Akamweleza polepole kwamba akishagongewa pasipoti amekwisha, ni mtu huru, anaweza kutoka nje sasa hivi akaenda kokote. Silvanus akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akabaki amesimama akitabasamu. Mzee akaeleza mara ya pili. Silvanus akashukuru tena. Alijua kukataliwa ni hatua mojawapo. Yeye huwakataa watu mara tano kabla ya kukubali, huyu amekataa mara mbili tu, kwa hiyo mambo yanakwenda vizuri.

"Unatakiwa huko mjini saa ngapi?" mzee akauliza.

"Saa kumi na mbili, bwana. Nisipofika narudishwa, anakuja Donald."

Mzee hakujua Donald ni nani, lakini aliona macho ya Silvanus yamejaa machozi, akaacha kucheka. Saa ya ukutani ilisema kumi na dakika ishirini. Mlangoni kondakta alikuwa anaita basi la kumi na nusu, na baada ya hilo hapakuwa na basi ambalo lingemfikisha kwa wakati. Mzee akaguna. Akachana kifuniko cha boksi la sabuni, akatoa penseli nyuma ya sikio, akaandika, akasoma kwa sauti.

"Huyu bwana anakwenda mjini. Asisumbuliwe njiani."

Silvanus akapiga ishara ya msalaba. Ni maneno yake yenyewe, yale yale, kumbe serikali ni moja ulimwengu mzima! Akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Samahani, bwana mkubwa. Haina muhuri."

Mzee akamtazama. Akautazama mlango, kondakta anapanda basi lake. Akachukua kikombe cha chai, akakizamisha kitako chake kwenye sahani iliyomwagikiwa chai, akakigonga juu ya ile karatasi, pah! Ikabaki duara ya kahawia, nzuri, iliyokamilika. Silvanus akaipuliza ikauke, akapiga saluti, akanyakua sanduku, akakimbia. Kondakta alimvuta ndani kwa mkono basi limeshaanza kwenda.

Njiani hakuona jiji. Wenzake walitazama nyumba zilizoshikana bega kwa bega, moshi, nguo zilizoanikwa kwenye manyunyu, mama wa Kizungu anasugua ngazi kwa brashi. Yeye alikuwa ameishika karatasi yake dirishani, maandishi nje, tayari. Kila walipomkaribia askari aliiinua juu. Askari wa kwanza alikuwa akimvusha mbwa. Wa pili alikuwa anapiga chafya. Hakuna aliyeuliza. Saa nzima, jiji zima, watu maelfu na maelfu, hakuna hata mmoja aliyetaka kujua Silvanus Mwakio anakwenda wapi na kwa idhini ya nani. Sijui kama unaelewa jinsi jambo hilo lilivyomuuma.

Aliingia bwenini zimebaki dakika nane. Mama mnene mwenye miwani akalitafuta jina lake, akatia alama, akasema karibu. Silvanus akampa ile karatasi.

"Hii nini?"

"Ruhusa yangu, mama."

Mama akaitazama juu na chini, akamrudishia. "Kanawe mikono," akasema, "chakula tayari."

Kozi aliifanya, akaifaulu. Miezi mitatu alitembea na kile kipande cha boksi mfukoni, na miezi mitatu hakuna aliyekiulizia. Siku ya kurudi alifika uwanjani mapema makusudi, na zawadi ya tumbaku, ampe bwana mkubwa wake. Alimkuta amepiga magoti anasugua sakafu. Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Silvanus akachungulia ndani, katika ile ofisi aliyoikodolea macho kwa muda wa karibu saa tano. Ndani mlikuwa na mafagio sita, ndoo na matambara.

Alimpa mzee tumbaku, akaketi kwenye benchi lile lile, na aibu ikampanda mpaka masikio yakamwaka moto. Aliona aibu kuliko siku aliyoanguka na msalaba mbele ya maandamano ya Pasaka. Si kwa sababu ya mzee. Ilimjia tu, bila kuitwa, sura ya Mama Mumbe ameinamisha kichwa upande mmoja.

Alishuka Voi Jumatatu asubuhi, akapita moja kwa moja ofisini bila kwenda kwanza Bura. Benchi limejaa. Na pembeni, mahali pake pale pale, Mama Mumbe.

"Mama! Bado uko hapa?"

"Bwana Donald alisema barua yangu ni ya mwenyewe, ningoje mwenyewe arudi."

"Na mtoto?"

"Amezaliwa. Ana miezi miwili sasa. Wamempa jina langu. Nasikia anacheka."

Silvanus aliingia ndani, akafungua kabati, akaanza kupekua. Miaka kumi na minane ya mafaili aliyatandaza sakafuni akitafuta ile amri iliyosema watu wasisafiri bila barua ya karani. Mpaka saa sita alikuwa amefika chini kabisa, kwenye faili la kwanza, lililoliwa na mchwa pembe moja. Humo akakuta karatasi ya ofisa mmoja Mzungu aliyekwisha ondoka zamani. Ilikuwa ndiyo karatasi pekee duniani iliyohusu benchi lile. Ilisema: watengenezewe watu benchi barazani, wapate pa kujikinga mvua.

Na Voi, jamani, mvua inanyesha mara ngapi?

Barua alizianza mwenyewe. Alikumbuka sasa. Mzee mmoja aliogopa kupanda gari moshi kwa mara ya kwanza, naye Silvanus, kijana mwenye huruma, akamwandikia mistari miwili apate moyo. Kesho yake wakaja wawili. Mwezi uliofuata akanunua kamba ya ufunguo.

Akatoka barazani. Ng'ambo ya barabara, kwenye pampu ya petroli, basi la Mombasa lilikuwa linajazwa mafuta.

"Ndugu zangu," akasema. "Ndugu zangu, nendeni. Barua haitakiwi. Haijawahi kutakiwa. Nilikosa mimi. Kila mtu aende anakotaka."

Hakuna aliyeinuka. Walimtazama tu, wote kumi na wawili. Mzee mmoja wa Mahoo, aliyetaka kwenda kwa nduguye Nairobi, akamnyanyua kuku wake kidogo, aonekane vizuri.

"Jamani, nendeni! Mama Mumbe, basi lile pale! Panda!"

Mumbe akainamisha kichwa upande mmoja. Akamtazama kwa huruma kubwa.

"Bwana karani, kwani umefukuzwa kazi huko ulikokwenda?"

"La, mama. Sikufukuzwa."

"Sawa, mwanangu," Mumbe akasema. "Sasa nani anakaimu?"

Silvanus akaeleza tena. Mumbe akashukuru, akabaki ameketi. Akaeleza mara ya tatu, karibu kulia, na benchi zima likashukuru, likabaki limeketi. Dereva wa basi akapiga honi. Ufunguo wa droo alikuwa nao Donald, na Donald, katika suti ya kijivu ya vifungo vitatu, alikuwa amekwenda harusini Bura.

Basi Silvanus akaingia ndani mbio, akachana jalada la faili lile la kwanza, akaandika. Akachukua kikombe chake cha chai, akakilowesha kitako sahanini, akakigonga, pah! Akamletea Mumbe barazani, akamsomea, kwa sababu Mumbe hakujua kusoma.

"Mumbe wa Miasenyi anakwenda Mombasa kumwona Mumbe. Asisumbuliwe njiani."

Mumbe akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaiona ile duara, akaipuliza ikauke, akaifunga pembeni ya leso yake. "Sasa ndiyo umesema," akamwambia. Akavuka barabara anakimbia, mama wa umri ule, ndizi kichwani, akapanda.

Waliobaki wakasogea benchini kujaza nafasi yake, na Silvanus akarudi ndani kuagiza chai nyingine.